Kwa Soprano Anayetaka Kufundisha Sauti

Binti mmoja ninayemfundisha hapa Iringa aliniuliza hivi karibuni kama anaweza kuanza kupokea wanafunzi wake mwenyewe huku akiendelea kuimba soprano, yaani sauti ya juu kabisa ya kike, katika muziki wa kiklasiki. Nilimjibu kwamba anaweza, ila kwanza ajue jambo ambalo mimi nililijua kwa kuumia: koo linalofundisha ndilo hilo hilo linaloimba.

Nilipoanza kufundisha nilikuwa na wanafunzi 6 kila Jumamosi, na kila aliyekosea nilimwimbia mstari mzima ili asikie unavyotakiwa kuwa. Ilikuwa Julai, baridi kali na vumbi la kiangazi, na jioni ya siku moja kati ya hizo tulikuwa na mazoezi ya «Haleluya», wimbo wa kwaya wa mtunzi Handel. Walioimba kazi hiyo wanapakumbuka mahali ambapo soprano hushika noti ndefu, kisha hupanda hatua kwa hatua hadi noti ya G ya juu, huku sauti nyingine zikiitikia chini yao. Kwenye G hiyo nyuzi za sauti hugusana takribani mara 784 kwa sekunde moja, na zangu zilikuwa zimefanya kazi tangu asubuhi. Nilipofungua kinywa kilitoka pumzi tupu. Nikalazimisha, na kesho yake nikaamka sina sauti. Siku za mwanzo nilinong'ona nikidhani ninapumzika, kumbe kunong'ona kwa kukaza koo nako huchosha. Nilipaswa kunyamaza kabisa. Sikuimba tena kwa wiki 5.

Tangu hapo ninafundisha zaidi kwa mikono na maneno. Mwanafunzi anaweka viganja kwenye mbavu za chini, anavuta pumzi bila kuinua mabega, kisha anaitoa taratibu kwa «sss» huku akisikia mbavu zikichelewa kurudi. Baadaye anaingiza mrija kwenye glasi yenye maji kidogo na kuimba «uuu» kupitia humo. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi yake imetulia, na yakirukaruka anajiona mwenyewe bila mimi kutoa noti hata moja. Panapolazimu kumwonyesha kwa sauti, namwonyesha noti 3 au 4, kwa wepesi, basi.

Mengine ni ya ratiba. Usifundishe siku moja kabla ya onyesho, hata kama ada ya siku hiyo inahitajika nyumbani. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na ukae mbali na moshi wa jiko. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiukabidhi kwa tangawizi na asali peke yake.

Jambo moja linanisumbua sana katika kwaya zetu, nami naliomba kwa unyenyekevu: msimpe msichana wa miaka 14 noti za juu kabisa kila Jumapili kwa sababu tu ana sauti kubwa. Ukubwa wa sauti si ukomavu wake, na mwalimu wa kwaya ndiye wa kumlinda.

Yule binti nilimpa jaribio. Nilimwambia anifundishe mimi kwa nusu saa bila kuimba. Dakika ya 10 mkono wake ulikwenda wenyewe kooni, akataka kunionyesha, akajizuia, kisha akasema, «Mwalimu, naomba uweke viganja kwenye mbavu.»