Dirisha jipya la plastiki linakwaruza na kupitisha upepo

Pole sana, ndugu. Dirisha jipya kukwaruza chini na kupitisha upepo pembeni si jambo la kuambiwa "litazoea tu". Bana karatasi kati ya fremu na kipande kinachofunguka, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa kuzuia upepo ukingoni haubani hapo; mara nyingi fundi hurekebisha skrubu za bawaba na kazi imeisha. Halafu pima fremu kona kwa kona, mshazari zote mbili. Vipimo vikipishana sana, imefungwa kombo, na hapo usikubali kupakwa silikoni: ing'olewe, ifungwe upya. Chungulia pia vitundu vya kutolea maji chini, maana huzibwa na plasta. Piga picha, mwandikie fundi kasoro zote, na salio la malipo yake lisitoke kabla hajarekebisha.