Gunia la mkaa huenda wapi? Maswali yenu kuhusu kaboni

Gunia zima likiisha hubaki majivu ya ndoo moja tu. Mengine yako wapi? (Mama lishe, Tandika)

Yamepaa, dada yangu. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, nayo ikiungua hushikana na oksijeni ikawa hewa ukaa isiyoonekana. Uzito haupotei, unaongezeka: kilo 12 za kaboni huchukua kilo 32 za oksijeni, zikatoka kilo 44 za hewa ukaa. Majivu ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini. Na tafadhali sana, usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa ikiwa haba hutoka kabonimonoksaidi, haina harufu, na inaua watu usingizini.

Shikamoo. Mwembe wetu ni mkubwa mno, mbona chini yake hakuna shimo? Unakula nini? (Mwanafunzi, Kigamboni)

Marahaba, mwanangu. Swali lako lilimsumbua mwanasayansi Jan Baptist van Helmont miaka ya 1600, huko ambako leo ni Ubelgiji. Alipanda mti kwenye udongo alioupima, akawa anamwagilia tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, udongo umepungua gramu kama 60 tu. Akasema mti ni maji. Alipatia nusu, na nusu nyingine ilimpita, ingawa neno "gesi" lenyewe alilitunga yeye! Majani huvuta hewa ukaa na, kwa nguvu za jua, huiunganisha na maji kupata sukari. Sukari hiyo ndiyo shina, ndiyo embe. Ukila embe, kaboni inaingia mwilini mwako. Ukipumua, sehemu yake inarudi hewani.

Nikipanda mti kwa kila mti uliochomwa mkaa, nimelipa deni? (Mbagala)

Mti ukikua, ndiyo, ila utangoja miaka mingi. Dizeli ya daladala ni deni jingine kabisa: kaboni yake ilikuwa imezikwa mamilioni ya miaka. Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420.

Tope la mikoko Kunduchi linanuka yai bovu. Kwa nini lisifukiwe tujenge? (Msomaji wa Tegeta)

Nakusihi, liacheni. Harufu hiyo inaonyesha kuwa tope halina oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi huoza polepole mno, na kaboni yake hubaki humo hata maelfu ya miaka. Mkikata mikoko na kulichimbua tope, hewa inaingia, na kaboni iliyotunzwa tangu enzi hizo inaanza kutoka.