Parachichi, kahawa na mbao: lipi kontena lake, na ipi meli yake?

Mdau wa Njombe ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Parachichi zake tani ishirini na ushee za kwenda Rotterdam ziingie kontena gani? Jamaa zake, mmoja wa Mbozi mwenye kahawa na mwingine wa Mafinga mwenye mbao, wachukue lipi? Na je, kontena kuukuu la ubaridi linafaa kuwa stoo ya baridi kijijini?

Mkuu, anza na uzito, urefu wa kontena uje baadaye. Futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi ndani na hubeba kama tani 28. Futi 40 lenye kimo kirefu, lile la haikyubu, lina mita za ujazo 76, lakini tani zake ni zilezile 28 hivi. Ukichukua refu umeongeza nafasi tu. Ndiyo maana shaba ya Zambia na Kongo inayopita hapa Mbeya hupakiwa kwenye futi 20: fungua milango utakuta mzigo umelala sakafuni, juu kote hewa tupu, na uzito umeshafika kikomo.

Kahawa ya Mbozi ni futi 20 bila mjadala. Magunia 320 ya kilo 60 ni tani 19.2, na kontena limejaa. Adui wake ni maji ya ndani kwa ndani. Mzigo ukitoka joto la Dar kuelekea bahari za baridi, bati la dari hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone na kudondokea magunia ya juu. Kahawa iwe na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, tandika karatasi nzito za kaki kuta zote na juu ya magunia, ning'iniza mifuko ya kunyonya unyevu, na usiweke paleti (majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo) mbichi. Kabla ya kupakia ingia ndani, mwenzako afunge milango, tazama: ukiona nukta ya mwanga popote, likatae kontena hilo.

Mbao za paini zilizokauka vizuri zina kilo 500 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mita za ujazo 50 ni tani 25: hapo haikyubu. Zikiwa mbichi utagota kwenye uzito mapema, na zitafika na ukungu. Anayefikiria nguzo za mita 12 ajue futi 40 ndani ni mita 12.03. Sentimita tatu hizo hazitoshi kuingiza nguzo kwa foklifti mlangoni. Kubaliana na mnunuzi zikatwe 11, au zipande meli ya mizigo mchanganyiko yenye kreni zake.

Sasa parachichi, hapa ndipo pesa zinapopotelea. Unachukua futi 40 haikyubu la ubaridi, mlangoni limeandikwa namba ya aina yake, 45R1 (la kawaida la kimo hicho ni 45G1, futi 20 la kawaida ni 22G1). Linaingia paleti 20, kila paleti katoni 264 za kilo 4, jumla katoni 5,280, yaani tani 21 za matunda.

Kontena la ubaridi linatunza baridi, halipozi mzigo wa moto. Ukipakia parachichi zenye nyuzi 18 za shambani, mashine itahangaika siku nyingi, na katoni za katikati zitaanza kuiva kabla meli haijaondoka. Zipozwe pakihausi, jengo la kupangia na kupozea matunda, hadi nyuzi 5 au 6 kwanza. Kama hakuna mlango wa kupakilia unaoziba kabisa, zima mashine wakati wa kupakia, la sivyo inavuta hewa yenye unyevu na kujijaza barafu.

Baridi hutoka chini, kwenye mifereji ya sakafu, hupanda katikati ya katoni na kurudi kwa juu. Kwa hiyo usipite mstari mwekundu ukutani, ule wa kikomo cha kimo cha mzigo, na sakafu iliyobaki wazi karibu na mlango ifunike kwa boksi gumu. Ukiiacha, hewa inakimbilia huko na paleti za nyuma zinapikika. Matundu ya katoni ya juu na ya chini yalingane.

Kwenye fomu ya oda andika "+5 °C", alama na kipimo vyote. Akikosea karani akaweka minasi, umetuma mawe. Hata chini kidogo ya kiwango, nyama ya tunda hugeuka nyeusi. Tundu la hewa safi lifunguliwe kwa kiwango alichotaja mnunuzi. Kwa kontena la hewa iliyodhibitiwa, ambalo oksijeni hupunguzwa na kabonidayoksaidi kuongezwa, lifungwe kabisa. Usichanganye na ndizi, gesi yake itaziivisha. Dai pia karatasi ya ukaguzi wa mashine kabla ya safari.

Barabarani jenereta ya tela, inayolipa kontena umeme, hula lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa. Toka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na foleni za mlima Kitonga na mizani hazihesabu saa zako, basi tangi liondoke limejaa. Kikomo cha gari zima ni tani 56, lakini wengi hunaswa na ekseli (mhimili wa magurudumu): kundi la ekseli tatu za nyuma ni tani 24. Futi 20 la tani 25 ukiliweka mwisho wa tela, kwenye mizani ya Makambako au Wenda utapigwa faini huku jumla iko sawa. Liweke katikati.

Meli kwa kifupi. Mbolea huja Dar na meli ya kichele (mzigo humwagwa bila vifungashio), magari ya Japani na meli ya Roro (magari huingia yakiendeshwa), mafuta na tanka. Mzigo wenu wote, ukiacha nguzo, ni wa meli ya makontena. Zile za mita 400 haziingii Dar, kwa hiyo mara nyingi kontena hubadilishiwa meli njiani, kwa mfano bandari ya Salalah, Omani. Kahawa haijali. Kwa parachichi uliza kama kuna huduma bila kubadilisha, maana kila kushushwa ni saa za kuchomolewa umeme. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuzunguka Afrika Kusini badala ya Bahari ya Shamu, basi uliza njia ya meli yako na hesabu siku upya. Plagi za umeme melini zina idadi maalumu: msimu ukichanganya zinaisha kabla ya nafasi.

Kuhusu stoo: kontena kuukuu linafaa kutunzia matunda yaliyokwisha pozwa, si ya kutoka mtini. Linataka umeme wa fezi tatu, volti 380 hadi 460, kwa hiyo nguzo ya fezi moja kijijini haitoshi. Liwashwe mbele yako lishuke hadi nyuzi 5 likiwa tupu, kagua raba za milango, na liinue kwa matofali pembe zote nne, upande wa mlango ukiwa chini kidogo ili maji yatoke.