Chaji, ada au tozo?

SWALI: Natafsiri mkataba wa kupanga fremu Kariakoo kutoka Kiingereza. Neno "charge" limejitokeza mara tatu: kuna "service charge", kuna "free of charge", halafu mpangaji ni "in charge" wa usafi. Je, niandike "chaji" kote? Msomaji, Ilala

JIBU: Hapana. Chaji yetu ni ya umeme: simu imeisha chaji, betri haikai na chaji. Ukimwandikia mpangaji kwamba atalipa chaji ya huduma, atakuuliza soketi iko wapi.

Kiingereza kililipata neno hilo kwa Kifaransa, na asili yake ni "carrus" ya Kilatini, yaani gari la kukokotwa. Maana ya mwanzo ni kupakia mzigo, ndiyo maana Mwingereza hulitumia kwa umeme wa betri, baruti ya bunduki, tuhuma za mshtakiwa na deni la mteja. (Gari letu halimo katika ukoo huo, lilitoka Kihindi.)

Kwenye pesa Kiswahili kinabana zaidi, kinataka kujua nani anamlipisha nani, na kwa nini. Inayodaiwa kwa amri ya mamlaka ni tozo, na tangu zile tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, neno hilo halina rafiki mjini. Inayokatwa kwenye hela yako kabla hujaishika ni makato. Inayolipwa kwa huduma mliyokubaliana ni ada, kwa hiyo andika "ada ya huduma". Usije ukaandika "ushuru wa huduma"! Huo ni wa halmashauri, wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua fika, na mpangaji wako ataona anatozwa mara mbili.

"Free of charge" ni bure, basi. Wanasheria hupenda "bila malipo", nayo ni sawa.

Ukilikuta "charge" kwenye habari za mahakama ya Kisutu, ni shtaka: mtu husomewa mashtaka.

Imebaki "in charge". Hospitalini wanasema inchaji wa wodi na wanaelewana, ila mkataba si wodi. Hata "msimamizi" hapa halitoshi, maana msimamizi anaweza kusimama tu akitazama wengine wakifagia. Kama mwenye nyumba anataka mpangaji ndiye aulizwe taka zikirundikana, andika: "Usafi wa fremu na kibaraza chake utakuwa jukumu la mpangaji."