Mkaa wa mifupa kwa maji ya kisima yenye floraidi

Kabla ya kutafuta mfupa hata mmoja, peleka maji yako maabara yapimwe floraidi. Maji ya mfereji jijini Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, kwa kawaida hayana shida hiyo. Wasiwasi uko kwenye visima virefu vinavyopenya miamba ya volkano na floraidi yake kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, kiwango kinapanda. Na meno ya mtoto yakishaota na madoa ya kahawia, madoa hayo hayafutiki kwa mswaki.

Mifupa ya ng'ombe inayobaki machinjioni Dagoretti hunasa floraidi vizuri, mradi ichomwe ipasavyo. Ichemshe mafuta yatoke, ianike ikauke kabisa, kisha ichome kwenye tanuri lililozibwa, hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500, kwa saa kadhaa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Moto ukizidi, mfupa unageuka mweupe kama chokaa na nguvu yake ya kunasa inashuka sana. Moto ukipungua, unabaki kahawia, na maji yatatoka na rangi na harufu ambayo hakuna mtu atakayeivumilia. Unaotakiwa ni mweusi hadi ndani. Vunja vipande vya katikati na vya pembeni mwa tanuri uhakikishe.

Usage, uchekeche, ubakize punje za nusu milimita hadi milimita 2. Unga huziba chujio. Vipande vikubwa navyo hufanya kazi nje tu, ndani havifikiwi. Osha mpaka maji yatoke safi.

Weka kilo 10 kwenye ndoo ya lita 20. Maji yaingie chini yatokee juu, yasijichongee njia moja, na yasizidi lita 15 kwa saa. Kilo 1 ikinasa gramu 2 za floraidi, na maji yanashuka kutoka miligramu 5 hadi 1 kwa lita, kilo 10 zitasafisha lita 5,000: nyumba inayotumia lita 40 kwa siku kwa kunywa na kupikia itafika miezi 4. Hayo ni makadirio. Pima kila mwezi, kwa sababu mkaa ulioshiba hauonekani wala hauonjeki.

Waambie watumiaji mapema kwamba ni mifupa, na ya mnyama gani. Imani zao ziheshimiwe.

Klorini itiwe baada ya chujio. Ukiitia kabla, mkaa unaimeza na vijidudu vinabaki.