Re: Pampu mpya ya mafuta, gari bado linakosa nguvu likikanyagwa

Umefunga pampu ya lita 255 kwa saa na unauliza kama waya wa kiwandani unatosha. Pima kwanza: mita kwenye terminali za pampu yenyewe, injini ikiunguruma, taa zimewashwa. Betri ikisoma volti 14 na pampu 12, waya ndio tatizo.

Vuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka betri, fyuzi ya ampea 30 ikae karibu kabisa na betri, hadi rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 40 karibu na tangi. Kwa namba zilizoandikwa kwenye miguu ya rilei: betri mguu 30, pampu 87. Waya chanya wa zamani wa pampu uende 86, na 85 kwenye ethi, yaani bodi ya gari. Hapo kompyuta ya injini bado inazima pampu injini ikizimika. Swichi ya mkono, sahau: ukipata ajali pampu itaendelea kusukuma mafuta.

Ethi ndiyo wengi huidharau. Waya wa ethi wa pampu uwe unene uleule wa ule mpya, na bati la bodi unapoufunga likwanguliwe rangi. Kagua pia plagi ya kifuniko cha tangi, pini nyembamba huyeyuka.

Kama pampu yako inaendeshwa na moduli inayobadilisha kasi, mpango huu haufai. Rilei itagongagonga tu.