Kasuku Asihubiri: Ushauri kwa Mwandishi wa Kitabu cha Picha

Msomaji mmoja wa Kasulu ameniuliza afanye nini ili hadithi yake ya paka anayezungumza iwachekeshe watoto, na kwa kuwa najua wengi wenu mna hamu hiyo hiyo ya kuona kitabu cha picha kilichozaliwa huku kwetu Kigoma, namjibu mbele yenu nyote.

Kitabu changu kinamhusu kasuku wa bibi muuza dagaa wa Kibirizi. Mchapishaji wa kwanza aliurudisha mswada akitaka kasuku awafundishe watoto usafi na utii karibu kila ukurasa. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu kasuku hatungi mawaidha: hurudia anayoyasikia kwa watu anaoishi nao, na kichekesho chake ni kuyasema mahali pasipostahili. Nilikataa katakata. Kasuku wangu alimsikia bibi usiku akimnong'oneza mjukuu, "Hawa ni wa juzi, lakini usiseme." Asubuhi mteja anainamia fungu la dagaa kulinusa, mtoto anafunua ukurasa, na hapo kasuku amepanua mdomo: "Hawa ni wa juzi, lakini usiseme!" Nilipowasomea watoto wa darasa la pili pale Ujiji, walicheka na kudai nirudie ukurasa huo huo, nami najivunia kwamba sikuubadilisha.

Kwa hiyo, pangeni kichekesho kikae nyuma ya ukurasa unaofunuliwa. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwani karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa pamoja, hivyo nafasi za kufunua ni chache na hazifai kupotezwa kwa nasaha. Mwachieni mchoraji sehemu yake pia: maneno yangu yanasema tu kwamba bibi alinyamaza, lakini picha inamwonyesha akimfunika kasuku kwa kanga huku mkia mwekundu ukichomoza.

Ndugu zangu, mtoto anamtambua mhubiri aliyevaa manyoya upesi kuliko mnavyodhani, naye hufunga kitabu. Mnyama na abaki mnyama. Someni mswada kwa sauti mbele ya watoto ambao si wenu, na popote wanapoanza kutazama dirishani, futeni sentensi hiyo kabla mchoraji hajashika brashi.